Dada Zako Wamezikwa Wapi

Ndoo ya pili ilikuwa imefika nusu na mwaka wa kuzaliwa ulikuwa bado haujaonekana. Ukoga ulikuwa umeingia ndani ya herufi, ule ukoga wa chini ya migomba usiofikiwa na jua, nami nilikuwa naufukua kwa kijiti, nasugua kwa brashi ya viatu, namwaga maji kidogo, natazama, nasugua tena. Jina lilitoka kwanza: Elifuraha. Kisha mwaka wa kufa, 1999. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa chini zaidi, pale simenti ya msalaba ilipoanza kumomonyoka.

“Shemeji,” alisema Philemoni nyuma yangu, ameegemea fimbo yake. “Miaka ishirini na sita hujaleta hata ua. Leo umekuja na brashi. Halmashauri imekuajiri?”

“Nimechelewa, shemeji.”

“Anayechelewa hivyo huwa amewahi msiba mwingine.” Alicheka peke yake, kisha akaacha. “Sugua na upande ule. Ulipwe.”

Philemoni ndiye aliyemwoa dada yangu Elifuraha. Anaishi juu ya Makumira, mahali ambapo bodaboda inakushusha njia ikiisha, halafu unapanda kwa miguu. Binti yangu Jackline alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitambaa kichwani, daftari mapajani. Nilimwambia abaki nyumbani, kwa kuwa dripu yake ya tatu ya dawa za saratani ilikuwa na siku tisa tu. Akasema mwandiko wangu hata mimi mwenyewe siusomi, na akaja. Njia nzima tulipumzika kila tulipokuta jiwe la kukalia.

“Sitini,” nilisema mwishowe. “Alizaliwa mwaka wa sitini.”

“Thelathini na tisa, basi,” alisema Jackline bila kuinua kichwa. Nikasikia penseli ikizunguka kwenye karatasi. Yeye ana thelathini na nne.

Karatasi hiyo ya kuchora ukoo tulipewa hospitalini mjini na nesi aitwaye Silantoi, binti mpole wa upande wa magharibi wa mlima. Alitueleza mara mbili bila haraka. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanaume, vizazi vitatu. Aliyeugua saratani alama yake ipakwe nyeusi, na pembeni iandikwe ilikuwa ya wapi na ilimpata akiwa na miaka mingapi. Saratani ya titi kwa mtu wa umri wa Jackline, alisema, humfanya daktari ajiulize kama kuna hitilafu ya kurithi kwenye vinasaba. Kipimo cha damu kipo, ila damu inasafirishwa mbali na nafasi ni chache, kwa hiyo daktari huangalia karatasi kwanza. Hitilafu ikionekana kwa Jackline, matibabu yake yatapangwa kwa kuijua, na ndugu zake wa damu wataitwa wapimwe wakiwa bado wazima.

Mara ya kwanza niliijaza peke yangu, kwa rula. Upande wa mke wangu Tabea haukunisumbua. Mama yake alikufa kwa titi kule Akheri, kila mtu anajua. Nilimpaka weusi hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Upande wangu niliuacha mweupe. Sikudanganya. Kwetu Poli makaburi ya ukoo yako nyuma ya nyumba, na ninajua kila aliyelala pale alikufa kwa nini. Hakuna hata mmoja wa saratani.

Silantoi aliitazama karatasi muda mrefu.

“Baba, huku kwako mbona kweupe hivi?”

“Kwetu huo ugonjwa haupo. Njoo hata kesho nikuonyeshe makaburi.”

“Waliozikwa hapo ni kina nani?”

“Babu na bibi. Baba na mama. Baba wadogo na wake zao.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu.

“Na dada zako wamezikwa wapi?”

Dada zangu, kama binti yeyote wa kwetu aliyeolewa, wamezikwa kwenye migomba ya waume zao. Kwa hiyo makaburi yetu ya nyumbani yana wanaume wa damu yetu, na wanawake wa damu za watu wengine. Nimeyapalilia makaburi hayo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuliona hilo. Silantoi akaniambia na lingine: mwanaume anaweza kuwa na hitilafu ile maisha yake yote asiugue, na bado akampa mtoto wake. Kila mtoto ni nusu kwa nusu, kupata au kukosa. Karatasi ikibaki hivi, alisema, daktari ataona bibi mmoja aliyeugua akiwa na miaka sabini na mbili, na huenda asiipeleke damu ya Jackline. Saratani ya uzeeni haimwambii mengi.

Nyumbani, ukoo ulikuwa umeshaamua. Ugonjwa wa kina mama umepita kwa mama. Mdogo wangu Solomoni alilisema kwenye kikao, na hakuna aliyempinga. Mimi kikaoni nilinyamaza. Nililisema asubuhi moja zizini, nikiwa sijalala siku mbili. Nilimwambia Tabea, “Huu umeingia kwa mlango wako.” Aliendelea kukamua hadi ndoo ikajaa.

Nilisuuza brashi, nikaja kukaa karibu na Jackline.

“Shemeji, Elifuraha alikufa kwa nini?”

“Si mliambiwa? Tumbo.”

“Tumbo gani?”

Philemoni aliniangalia, kisha akamwangalia Jackline na kitambaa chake. “Huyu mtoto anaumwa nini?”

“Titi, baba,” Jackline alijibu mwenyewe. “La kushoto. Wameshaliondoa.”

Mzee aliingia ndani. Tulisikia sanduku likiburutwa. Alirudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, ndani yake kadi ya hospitali iliyogeuka rangi ya chai. Jackline aliisoma kimya, akaigeuza kwenye mwanga, akaisoma tena.

“Saratani ya ovari,” alisema.

“Ulijua?” nilimwuliza Philemoni.

“Siku ile ile waliyoiandika hiyo kadi.”

“Na msibani ukasema tumbo.”

“Baba yako ndiye aliyesema tumbo. Alinivuta mkono, tukasimama pale migombani, watu wanakula. Akaniambia, ‘Mkwe, Penina bado hajaolewa. Ukitaja saratani, nani atakuja kubisha hodi kwangu?’ Nami nikasema tumbo.” Akakohoa. “Si uongo. Ilikuwa tumboni.”

Nilitaka kukasirika, nikatafuta wa kumkasirikia. Baba alikuwa amezika binti mmoja na amebakiwa na mmoja. Penina aliolewa mwaka uliofuata, Leguruki, harusi nzuri. Alikufa mwaka 2014, ana miaka arobaini na mmoja. Tuliambiwa presha. Sijawahi kumwona mgonjwa wa presha akikonda vile, lakini nilikwenda, nikazika, nikarudi.

“Hiyo karatasi,” alisema Philemoni. “Catherine wangu mmemwandika?”

Catherine ni binti yake na Elifuraha. Anauza mitumba Daraja Mbili, ana miaka thelathini na saba na mabinti wawili.

“Bado,” nilisema.

“Kwa kuwa ni wa ukoo wangu.”

“Karatasi hii haijui ukoo, baba,” alisema Jackline. “Inajua damu tu. Catherine anahesabiwa kwenu na kwetu.”

“Basi mwandike. Na wale wajukuu wangu. Usiwaandike vidogo vidogo hivyo, waonekane.” Alikaa chini kwa shida. “Nimfiche mama mtu, nimfiche na mwana? Nitashuka nimwambie mwenyewe. Hili si la kumwambia mtu kwenye simu huku anauza.”

Jackline alinipa penseli. “Mpake wewe, baba. Ni dada yako.”

Nilimpaka. Duara dogo kama kifungo cha shati, lakini lilinichukua muda.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja. Tabea alikuwa nje anakata shina la mgomba kwa panga, chakula cha ng'ombe. Solomoni alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza akinisubiri, kwa habari za turubai. Binti yake Brenda ana sendofu, sherehe ya kumwaga kabla ya harusi, Jumamosi ijayo, na kwa wiki tatu Solomoni hazungumzi lingine. Jackline aliwaamkia, akaingia ndani moja kwa moja kujilaza.

“Kaka, watu wa viti wanataka jibu leo,” alianza Solomoni. “Mia mbili au mia mbili na hamsini?”

“Elifuraha alikufa kwa saratani,” nilisema. Sikujua njia ya kuzunguka, na miguu ilikuwa imechoka. Nikaeleza: kadi, ovari, baba na Philemoni chini ya migomba. Panga la Tabea halikusimama.

Solomoni alisikiliza hadi mwisho. “Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Kwa penseli?”

“Kwa penseli.”

“Basi inafutika.”

“Solomoni.”

“Kaka, Jumamosi ijayo! Wale wakwe wa Kimandolu wakisikia ukoo una kitu kwenye damu, nitamwambia nini mtoto? Keki imeshalipiwa!”

“Baba alisema hivyo hivyo kwa ajili ya Penina.”

“Na Penina akaolewa!”

“Akafa na arobaini na mmoja.”

“Presha!”

“Wewe ulimwona. Ilikuwa presha?”

Alitazama pembeni. “Si tulishasema ni upande wa shemeji?”

Panga likasimama.

“Nani alisema?” aliuliza Tabea.

“Shemeji, mimi... ni ukoo ulisema.”

“Ukoo ulitumia mdomo wa nani?”

Solomoni alivua kofia, akaivaa. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na saba, shemasi kanisani, na sikuwahi kumwona amekosa pa kuweka mikono. Sikumfurahia. Nilimwona baba yetu, ana binti mmoja mkononi na hodi anayoisubiri mlangoni.

“Nipe hadi sendofu ipite,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Siku kumi tu.”

Nilifikiri kweli. Siku kumi si nyingi. Lakini Jackline anarudi kliniki Jumatatu, na baba naye hakuomba miaka ishirini na sita. Aliomba muda mfupi tu.

“Karatasi inakwenda Jumatatu ilivyo,” nilisema. “Hakuna anayewaambia wakwe, hilo ni la Brenda mwenyewe. Lakini Brenda ataambiwa. Na wewe ukienda kupimwa, damu ikawa safi, watoto wako wote wametoka hatarini hapo hapo, hakuna wa kuwagusa. Si habari mbaya peke yake.”

“Na isipokuwa safi?”

“Tutajua mapema. Elifuraha hakujua. Penina hakujua.”

Alisimama. Alipoongea ilikuwa kama mtu anayeomba ashikiwe ngazi. “Kesho asubuhi, basi. Uje wewe. Mimi siwezi kuanza.” Akaondoka bila jibu la viti.

Tabea alikuwa amerudi kwenye shina. Nilichukua vipande alivyokata nikavipanga kwenye karai, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu mimi pia.

“Mama Jackline, lile neno nililokuambia.”

“Lipi?”

“La mlango. Kule zizini.”

“Nalijua. Nilitaka ulitaje.” Alikata viwili, vitatu. “Usiniombe msamaha leo, Baba Jackline. Nimechoka. Nitakujibu tu ndiyo ili unyamaze.”

“Sawa.”

“Na mama yangu usimfute kwenye karatasi. Aliugua kweli. Aandikwe na sabini na mbili yake, huyo nesi atajua la kufanya naye.”

“Sijamfuta.”

Niliingia ndani. Jackline alikuwa amelala kwenye kochi na viatu, karatasi imewekwa mezani, upande wangu sasa una duara moja jeusi na msululu wa maduara na miraba mipya: Catherine na mabinti zake, Brenda na ndugu zake, mwanangu Godbless. Nilihesabu kumi na nne wasiojua bado kwamba wameandikwa. Duara la Penina lilikuwa halijapakwa. Pembeni Jackline alikuwa ameandika: Leguruki, kumwuliza mume. Mraba wangu ulikuwa mtupu. Silantoi alisema mwanaume mwenye hitilafu asiyeugua huwekewa nukta katikati, lakini si kabla ya damu kusema. Nilimvua Jackline viatu, nikatoka tena nje.

“Kesho nitaanzia kwa Solomoni saa moja,” nilimwambia Tabea, “halafu Leguruki.”

“Saa moja Brenda hajaamka. Nenda saa mbili.” Aliweka panga chini, akanyoosha mgongo kwa mikono miwili. “Nami nitakuja. Wazee wawili wa kiume hamwezi kumkalisha mtoto wa kike mkamweleza habari za titi. Mtaishia kuongea habari za turubai.”

“Na Leguruki?”

“Leguruki ni mbali. Tuone kwanza hili la asubuhi.”

Shina lilikuwa limebaki karibu nusu. Alilisukuma kwa mguu hadi ukutani, akalifunika kwa gunia lisikauke.