Kishoka cha Balad

Siku kipande cha kishoka kilipomeguka na kumrukia mwenzetu Abel jichoni, bosi alisema, "Chuma ni chuma, riziki ni ya Mungu." Wenzangu wamesahau maneno hayo. Mimi sijasahau, wala jicho la kushoto la Abel halijasahau, maana halioni mpaka leo.

Yadi yetu iko nje ya Riyadh. Baridi ikiingia, watu wa mji wanakwenda kupiga kambi jangwani, nasi tunawachanjia kuni. Bosi Abu Turki anatununulia vishoka vya kumiminwa: chuma kinayeyushwa, kinamwagwa kwenye kalibu, kinapakwa rangi nyekundu, basi. Riyali kumi na tano. Cha kufuliwa, kilichopigwa nyundo kikiwa moto, ni sitini. Kila mara nilipodai vya kufuliwa, hadi wenzangu wakaniita mwenyekiti, alinijibu, "Mafi fulusi," hana pesa, na gari lake jipya likiwa nyuma yake.

Nilipotumwa Jeddah na lori, niliingia duka moja la Balad, soko kongwe la mji huo, nikaning'iniza vishoka kwa kamba, nikavigonga kwa msumari. Vya kumiminwa viliitika ko, kama sufuria yenye ufa. Kimoja, cha kufuliwa, kililia hadi mwenye duka akageuka. Nikakinunua kwa pesa yangu.

Bosi akakigeuzageuza. "Haya. Kijaribu mpaka mwisho wa mwezi. Kikishinda, nanunua vya wote. Kikishindwa, halas, sitaki tena kusikia habari za shoka."

Kilishinda, bwana! Tulichanja mshita mkavu, makali hayakutetereka. Kisha mpini ukavunjika, kipande kikabaki kimekwama tunduni. Kevin, kijana wa Kiambu, akafanya wanavyofanya kwao na kwetu: akakitupa kichwa cha shoka motoni ili kipande kiungue. Akatia mpini mpya, akanikabidhi anachekelea.

Bosi alikuja kutazama. Nikapiga fundo la kwanza la gogo. Makali yakajikunja kama mfuniko wa bati.

"Hiki ndicho cha sitini?" Bosi alicheka hadi akashika kiuno. "Chuma ni chuma!"

"Kevin, ulikifanya nini?"

"Si nilichoma tu ule mpini, mwenyekiti! Hata babu yangu alikuwa anachoma."

"Babu yako alikuwa na jembe, si shoka!"

"Sasa unanitukania babu?"

Ningemrukia. Abel ndiye aliyeingia katikati. Tangu aumie alikuwa amepewa ufagio. Ukoo wa mama yake, kule Machakos, ni wahunzi. "Moto umetoa ugumu tu," alisema. "Moto utaurudisha. Bosi, yalla, nipe nafasi. Na kile chako kilichomeguka nipe pia."

Bosi alivuta kiti. Alitaka kucheka zaidi.

Abel alianza na cha bosi. Alikipasha hadi kikawa chekundu, akakilaza juu ya reli, akakigonga ili anyooshe pengo. Kikapasuka vipande viwili, chembe zake zikionekana kama sukari guru. Hakuna aliyecheka.

Kisha akakipasha cha Balad, akanyoosha makali kwa nyundo ndogo, akakirudisha motoni, akakizamisha kwenye mafuta. Akakisugua kwa tofali hadi kikang'aa, akakisogeza juu ya makaa, ameinama, jicho moja limekodoka. Rangi ya majani makavu ilipotambaa kwenye makali, akakizamisha tena.

"Piga wewe, bosi," alisema. "Usije ukasema tumekuroga."

Abu Turki alikunja mikono ya kanzu, akapiga fundo lilelile. Likafunguka. Akapiga jingine. Akapitisha kidole kwenye makali, akakiondoa haraka, damu.

"Hiki kikiharibika kinatengenezeka?"

"Ndiyo, bosi. Chako kinatupwa."

Alinyonya kidole, akipiga hesabu kichwani. Sikumsaidia. Mimi hesabu yangu nilikuwa naitazama usoni pa Abel.

"Alhamisi lori linakwenda Jeddah," alisema hatimaye. "Vya watu wote. Kazi ya kuvitunza ni ya huyu Abel, na mshahara wa fundi."

"Na miwani ya kukinga macho," nikasema.

"Wewe hushibi?"

"Sishibi, bosi."

Akatikisa kichwa. "Na miwani."

Abel alikuwa ameshaegemeza ufagio ukutani. "Kevin," aliita, "njoo nikufundishe kutoa mpini kwa msumari na nyundo, kabla hujatuchomea na vile vipya."