Saba kwa Kila Udongo

Otilia alipopunguzwa kazini mwaka wa tisini na nne, alikuwa ametumika miaka ishirini na miwili kwenye maabara ya udongo, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Umri wake arobaini na minane, hana mume, hana mtoto. Akafunga sanduku, akarudi Sumbawanga kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, pembeni mwa mji, njia ya kwendea Chala. Ndugu waliobaki walikuwa Kabwe, ziwani, na walimjua kwa jina kuliko kwa sura.

Msimu wa kwanza alipanda kabichi uani, zikadumaa. Hakushangaa. Udongo wa pale ni mchachu, na kwa miaka mingi watu walikuwa wameumwagia mbolea ya chumvichumvi ya bei ya serikali bila kupima, hadi ruzuku ilipoondolewa na mbolea ikawa kitu cha kutazamwa dukani. Dawa ya uchachu ni majivu au chokaa, hilo alilijua. Asichokijua ni kiasi. Kazini angekipata kabla ya chai ya saa nne. Hapa nyumbani alikuwa kama mpishi asiye na ulimi.

Akapanda basi hadi Mbeya. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na palikuwa na duka la pembejeo lenye vitu ambavyo zamani ungeviona kwa wafadhili tu. Muuzaji akamletea kipimo cha mshale, cha kuchomeka ardhini.

"Hiki hakitaki hata betri, mama. Unachomeka, unasoma, basi."

Otilia akaomba glasi ya maji na kipande cha limau. Akakamulia, akatumbukiza. Mshale ukatikisika kidogo, ukatulia palepale ulipokuwa.

"Limau kwake ni sawa na maji," alisema. "Kingine unacho?"

Kilikuwepo kimoja, kama kalamu nene. Nchani kilikuwa na kichwa cha kioo chembamba cha kupimia uchachu, na pembeni yake vijiti viwili vya chuma vya kupimia ukali wa mbolea. Kichwa cha kioo kiliweza kufunguliwa na kubadilishwa. Otilia akasoma tarehe kwenye vichupa vya maji ya kusahihishia, akarudisha kimoja kilichopitwa na wakati, akachukua kingine.

"Hiki kinadekezwa kama mtoto mchanga," muuzaji alimwonya.

"Nina nafasi," alisema Otilia.

Kweli alikuwa nayo. Kila Ijumaa alikisahihisha, kwanza kwenye maji ya saba, yasiyo na uchachu, kisha kwenye maji ya nne, yaliyo machachu, maana namba ikishuka uchachu hupanda. Alikisuuza, akakikausha kwa kukigusisha tu kwenye kitambaa, maana kioo kile hakisuguliwi, kisha akakirudishia kifuniko chenye matone ya maji yake maalumu ya chumvi. Kioo kikikauka, kinadanganya.

Mboje alikuja mara ya kwanza kuomba moto. Alikuwa mke wa kijana wa Kisukuma. Familia yao ilikuwa imehamia na ng'ombe kutoka kaskazini, ikapanga nyumba ya pili kutoka kwa Otilia. Kifipa, lugha ya wenyeji, hakukijua, na majirani walipoongea Kifipa hawakuhangaika kumgeuzia Kiswahili. Aliona vikombe vilivyotiwa udongo mezani, akauliza. Jumamosi iliyofuata akaja na kikombe chake.

Udongo ukishakorogwa na maji hauna budi kuachwa nusu saa utulie ndipo upimwe. Nusu saa hiyo ndiyo Otilia aliyoanza kuingoja tangu Jumatatu. Walikunywa chai. Mboje alisimulia juu ya mama yake, juu ya ng'ombe waliofia njiani, juu ya vitunguu alivyotaka kulima. Kisha Otilia alitumbukiza kipimo, akasoma, akamwambia tia majivu kiasi hiki. Vitunguu vikakubali. Mboje akawa haji na kikombe kimoja tena, anakuja na viwili, vitatu, kila pembe ya shamba na chake.

Mwezi wa tano, Ijumaa moja, Otilia aliona tope limeganda kwenye kioo. Angeliloweka. Lakini mikono ilikuwa na haraka, akalisugua kwa kitambaa. Akasikia kitu kama punje ya mchele ikikatika.

Alikitia kwenye maji ya nne. Saba. Kwenye maji ya limau. Saba. Kwenye siki, saba. Kioo kilichopasuka husema saba kwa kila kitu, kana kwamba dunia nzima haina kasoro.

Aliandika barua Mbeya kuagiza kichwa kipya, na jibu lililokuja baadaye lilimtaka asubiri mzigo. Na kesho ya siku ile kioo kilipovunjika ilikuwa Jumamosi.

"Shikamoo, dada Otilia."

"Marahaba. Karibu, maji ya chai yako jikoni."

Alikusudia kumwambia. Angemwambia baada ya chai, alijisemea, na chai ikaisha. Akatumbukiza kipimo akiwa amempa mgongo, akauvunja udongo kati ya vidole, akaunusa. Miaka ishirini na miwili si michache. "Tano na nusu," alisema. Huenda hakukosea sana.

Ikawa hivyo Jumamosi tano. Ya sita, Mboje alileta udongo mweusi wa bustani mpya. Vile vijiti vya chuma bado vilikuwa vizima, na vilionyesha ukali wa kupita kiasi. Otilia aliona, akaona pia Mboje anatazama mlango kama mwenye haraka. Akasema upesi, "Tano. Tia majivu debe mbili."

Hakuuliza udongo ule umetoka wapi. Ulikuwa umetoka kwenye zizi la zamani, palipolala ng'ombe miaka minne. Pale hapakutaka hata kijiko cha majivu.

Miche ya vitunguu ikageuka njano, ikakauka ncha, ikalala. Mboje alikuja Jumatano moja na mche mmoja mkononi.

"Labda nimekosea kupima debe," alisema.

Ingekuwa rahisi kumwachia kosa hilo. Otilia alikaa kwenye kigoda.

"Hujakosea. Kipimo kilivunjika mwezi wa tano. Nilikuwa nakisia."

"Tangu mwezi wa tano?"

"Ndiyo."

"Na kile ulichokuwa unakisoma?"

"Kilikuwa kinasema saba. Siku zote."

Mboje aliutazama ule mche, akauweka mezani polepole. "Ungesema tu, dada," alisema, akaenda zake. Jumamosi hakuja, wala iliyofuata. Otilia aliweka chai mara mbili, akainywa peke yake mara mbili, mara ya tatu hakuweka.

Mwezi wa nane ile familia iliteremka bonde la Rukwa kutafuta malisho. Otilia aliona mizigo ikipakiwa. Mboje alimpungia mkono kutoka juu ya gari, kama mtu anavyompungia jirani yeyote.

Kichwa cha kioo kilifika mwezi wa kumi. Otilia alikiloweka usiku kucha, akakisahihisha, kisha akavuka hadi bustani iliyoachwa, akachota udongo sehemu nne. Nane na pointi mbili. Akaandika kwenye karatasi, akakosa wa kumwonyesha.

Siku ya mnada alimpata Masunga, shemeji yake Mboje, aliyepanda kutoka bondeni kuuza ng'ombe.

"Mwambie Mboje ile bustani ya zizini ni nane na mbili. Kosa lilikuwa langu. Asitie tena majivu."

"Nani atarudi kulima pale, mama?"

"Wewe mwambie tu."

Masunga alirudi mwezi uliofuata, akapita mlangoni kwa Otilia bila kukaa.

"Nilimwambia. Amesema amesikia."

"Hakusema zaidi?"

Masunga alifikiri. "Amesema kule bondeni udongo ni mweusi."

"Mweusi wa kunata, au mweusi unaopasuka wakati wa jua?"

"Mama," alisema Masunga, akigeuza fimbo begani, "mimi ni mtu wa ng'ombe."