Achia Kamba

Kaka yangu tunamwita Tutaona. Mwambie paa linavuja, tutaona. Mwambie baba mdogo ndiye aliyemuua baba, tutaona! Ungedhani nimemletea habari za mvua.

Wala sikuokota maneno njiani. Baba mdogo alikiri mwenyewe kwa mama, kalewa chakari, mimi nikiwa jikoni: siku ile baba alipokuwa anapandishwa kutoka kisimani, yeye aliyekuwa juu aliiachia kamba makusudi. Kisha msibani akalia kutushinda wote. Sasa kazi ya kuchimba visima ni yake, nyumba ni yake, na mama ni mkewe. Mama alipoyasikia hayo akaenda kumtandikia kitanda.

Juzi niliwapelekea chakula kazini. Nikamkuta kaka anampandisha baba mdogo kutoka chini. Kamba ilizungushwa kwenye gogo lililosimikwa pembeni. Gogo ndilo lililobeba uzito, yeye alivuta taratibu.

"Achia," nikamnong'oneza.

"Mdogo wangu, ngoja kwanza. Labda ilikuwa pombe tu inaongea."

"Miezi yote hii unangoja nini? Akuandikie barua?"

"Nataka aniambie mwenyewe."

"Basi mpandishe, mnywe chai!"

Akasimama na kamba mkononi, anafikiri. Anafikiri! Damu ikanichemka. Nikatupa chakula chini, nikaichomoa kamba kutoka kwenye gogo.

Kaka akapiga yowe. Ncha ya kamba alikuwa ameifunga kiunoni mwake, nami sikuiona. Tangu baba afe alikuwa akijifunga hivyo, ili asije akamwachia mtu hata kwa bahati mbaya. Uzito wa baba mdogo ukamburuta kifudifudi mpaka ukingoni, kucha zikikwaruza udongo.

"Nisaidie!"

Nikaidaka kamba. Ngozi ya viganja ikabanduka. Nikakita visigino, nikavuta huku nikimlaani yule wa chini kwa kila pumzi. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, maana kumwachia yeye ni kumzika kaka.

Baba mdogo akatokeza, vumbi tupu, akajilaza kwenye nyasi akihema. Akanishika mkono uliochunika.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Marehemu angekuona leo, angefurahi sana."

Nikauchomoa mkono wangu. Kaka alikuwa kando anahangaika na fundo la kiunoni.