Shavu la Mkaguzi

Mimi ni mpishi wa shule, na ukiniuliza buibui ni kitu gani, nitakuambia ni uchafu wenye miguu. Miaka kumi na tisa nimewafagia jikoni kwangu bila kumwomba yeyote radhi. Kwa hiyo Aprili hii, majani yalipoanza kupukutika huku kwetu kusini mwa dunia na Mwalimu Yanina akatangaza kwamba somo la majira haya ni buibui, rafiki zetu, niliguna tu nikaendelea kumenya maboga.

Yanina ndio mwaka wake wa kwanza kufundisha, ni mdogo kuliko binti yangu, na shule nzima ina watoto saba na mwalimu huyo mmoja. Jumatatu aliwaambia walete tando walizoziona uani kwao. Dahiana, mwenye miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini, alileta utando pamoja na mwenye utando, ndani ya kopo la jemu. Kifuniko kikachomoka. Nilisikia kishindo, nikakimbia na mwiko mkononi, nikamkuta mwalimu amesimama juu ya meza, koti lake jeupe la shule amelikunja mpaka magotini, machozi yanamtoka.

"Mwalimu," Dahiana akauliza, "kumbe unamwogopa rafiki yetu?"

Watoto wakaangua kicheko, nami nikaangua. Tulinyamaza pale alipotuambia kwamba Ijumaa anakuja mkaguzi kuangalia somo hilihili, na asiporidhika, Yanina ataondolewa. Mwaka jana walimu watatu walitukimbia, na kwa miezi miwili hakuja hata mmoja. Maicol, wa miaka sita, ndiyo kwanza amejifunza kusoma jina lake, na aliyemfundisha ni Yanina.

"Basi na mwalimu tutamfundisha," akasema Dahiana. "Mtu mzima ukienda naye polepole, anaelewa."

Jumanne wakamletea buibui wa sufu. Akamshika, wakampigia makofi. Jumatano wakamletea aliyekufa, akamgusa kwa mwiko wangu, na mwiko ule leo ni wa kukorogea rangi ya ukuta. Alhamisi Dahiana akamweka aliye hai kwenye mkono wa koti lake mwenyewe, akaamuru: "Mtazame hadi tatu." Yanina alifika mbili, akatimua mbio hadi jikoni kwangu.

"Doña Nelda, siwezi. Nimesoma vitabu vitatu juu yao, najua kila kitu. Lakini nikiwaona, miguu inaniisha nguvu."

"Kesho hatuhitaji miguu, mwanangu. Mkaguzi anataka mdomo tu. Wale wadudu watakaa kwenye kopo lao."

Hapo nilijidanganya. Ijumaa jua lilichomoza na kijiupepo cha kupoza supu, na malisho yote yakawa yanang'aa kwa nyuzi. Sisi tunaziita mate ya shetani: buibui wachanga wanapanda ncha za majani, wanatoa uzi, upepo unawabeba. Kutoka barabara kuu hadi shuleni kuna malango matano ya ng'ombe, yote yamefunikwa na nyuzi hizo, na mkaguzi, Bi Zunilda, alishuka kwenye gari lake mara tano kufungua na mara tano kufunga. Alipoingia darasani alikuwa amefumwa nywele, miwani na hereni, na hakuwa na habari.

Na kwetu mtu akiingia hasalimii kwa mbali. Anatoa shavu, anabusiwa, mmoja baada ya mwingine, na anayerukwa ametukanwa. Watoto wakapanga foleni. Kila aliyembusu aliondoka na uzi puani, mpaka wote saba wakawa wamefungwa kwa Bi Zunilda kama kondoo wa mnada. Maicol alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilibusu huku nikiangalia dari, mbavu zikiniuma kwa kicheko nilichokimeza.

Ikawa zamu ya Yanina. Kwenye shavu aliloletewa, akitokea upande wa sikio, alikuwa anatembea buibui mdogo kama punje ya ufuta.

Nilimwona mwalimu wetu akipauka. Asipobusu, amemdharau mkaguzi mbele ya darasa zima. Nyuma yangu Dahiana akanong'ona, "Moja. Mbili."

Yanina akabusu.

"Karibu, mama," akasema, sauti imempanda kidogo. "Tulikuwa tunakusubiri."

"Wewe na buibui wako," Maicol akaropoka. "Mkubwa ni yule wa kwenye nyusi."

Bi Zunilda akajigusa nyusi, akautazama mkono wake. Halafu akavua viatu, akavipanga vizuri sakafuni, akapanda juu ya benchi.

"Mwalimu," akasema kutoka kule juu, macho yameganda ukutani. "Nitolee hawa. Nakusihi."

Yanina akavuta kiti, akapanda pembeni yake. Kidole chake kilikwenda polepole hadi kwenye nyusi, kikamchukua buibui.

"Huyu bado mtoto mchanga," akaliambia darasa. "Kwa nini amepanda juu ya lango?"

"Anatafuta upepo," wakajibu watoto.

"Ana mabawa?"

"Hana. Ana uzi."

"Anauma?" Hilo lilikuwa swali la mkaguzi.

"Meno yake hayatoboi ngozi yako, mama. Wala hakukufuata wewe. Alikuwa anahama kwa mama yake, akakukuta njiani."

Akawatoa mmoja mmoja, akawapitisha dirishani, na kila mmoja na swali lake. Hata mimi, mfagiaji, nilijibu mawili, na moja nikalipata. Nilijawa na fahari kana kwamba mwalimu nimemzaa mimi.

Bi Zunilda aliandika ripoti palepale juu ya benchi. Kisha akashuka, akavaa viatu, akamshika Yanina mkono, akamwingiza garini, wakaondoka.

"Anamchukua," akasema Maicol, akaanza kulia.

Hakuna aliyengoja amri. Watoto saba wakachomoka na makoti yao meupe, Dahiana mbele akipiga kelele kwamba mkaguzi ni mwizi wa walimu, nami nyuma na mwiko mpya. Gari likasimama lango la kwanza, likaenda, likasimama la pili. Kila tulipokaribia liliondoka. Tulipofika la tano tulikuwa hoi, nalo lilishapita. Yanina alikuwa upande wetu, anafunga komeo, nyuzi zimemfunika kuanzia nywele hadi viatu.

"Umefukuzwa?" Dahiana akauliza, anatweta.

"Hataki kuyagusa malango tena," akasema Yanina. "Ameagiza kila akija nimsubiri hapa, nimfungulie. Mwaka huu, na mwakani, na kila mwaka."

Maicol alikuwa bado analia. Yanina akamwinamia ampe shavu, halafu akageuza uso.

"Busu upande huu," akamwambia. "Ule una wageni."