Shahidi wa Damu

Jua lilikuwa halijafika dirishani, na tayari kichwa cha Paschal kilikuwa kimegonga ukuta mara tatu. Kwandu alichukua mto wa nne, akaubana kati ya kitanda na ukuta, akaanza kuushonea kwenye mito mingine mitatu kwa sindano ya gunia. Alishona upesi, mishono mirefu mirefu, huku mkono wa mumewe ukiruka hewani na kumpitia karibu na sikio kama mtu anayefukuza nzi.

"Sa... mahani," alisema Paschal. Neno lilitoka vipande.

"Umenikosa. Tulia nimalizie upande huu."

Kutulia ndicho kitu ambacho Paschal hakuwa nacho tena. Miguu ilikuwa na safari zake, mabega na shughuli zake, na uso ulijikunja na kujikunjua bila yeye kuwa na hasira wala furaha. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Miaka kumi na minane alifundisha hesabu katika shule ya msingi pembezoni mwa mji wa Bariadi, na wanafunzi walinyamaza alipoinua kidole tu. Sasa hata kidole chenyewe hakikumsikiliza.

Kwandu alikuwa mshona mito na magodoro. Msimu wa pamba alinunua pamba fifi, ile yenye madoa inayopata bei ya chini kwenye mizani, akaitoa mbegu, akaichambua na kuianika, kisha akaijaza kwenye vitambaa. Watu walizoea kusema mto wa mama Gloria haufanyi mabonge. Siku hizi walikuwa wanairudisha mito hiyo. Wiki iliyopita mteja mmoja aliacha mito miwili mlangoni bila kupiga hodi. Mwingine, pale sokoni, alimvuta mwanawe asiiguse, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba pamba hushika mambo ya nyumba inamotoka.

Juu ya cherehani ilikuwepo barua ya halmashauri. Kwandu hakuhitaji kuisoma tena. Mwalimu mkuu, Shigela, alikuwa ameandika kwamba Mwalimu Paschal huja kazini amelewa, hupepesuka mbele ya watoto, na maneno yake hayaeleweki. Juzi Kwandu alikwenda kuuliza maana yake kwa Januarius, afisa utumishi, kijana mwenye huruma aliyefunga mlango kabla ya kujibu.

"Nakwambia kama dada yangu," Januarius alisema. "Ulevi ukithibitika, mwalimu anafukuzwa. Mafao yatakuwa ya kugombania miaka, na kadi ya bima inakufa. Yake, yako na ya watoto. Ila bodi ya madaktari ikiandika kuwa ni ugonjwa, anastaafishwa kwa maradhi. Kiinua mgongo kipo, pensheni ipo, kadi ipo. Bodi inakaa Ijumaa ijayo."

"Daktari wa Mwanza si ameshaandika?"

"Ameandika 'inaelekea', mama. Wale hawatastaafisha mtu kwa 'inaelekea'."

Daktari wa Mwanza ndiye aliyewapa jina la ugonjwa, na Kwandu alijifunza kulitamka kwa kulikata kama muwa: Han-ting-ton. Unakaa kwenye damu, daktari alisema. Unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wengine unawapita, wengine unawakuta wakiwa watu wazima. Kipimo chenyewe cha damu kingepelekwa mbali, na kadi hailipii. Lakini ndugu wa damu akisimama mbele ya bodi, akaeleza kwamba baba wa mgonjwa aliumwa hivihivi, itatosha.

Kwandu alifikiria vidonge vya kutuliza kule kurukaruka kwa viungo, ambavyo bila kadi vingekula mito kumi kila mwezi, kama mito ingenunuliwa. Alifikiria uji ambao sasa lazima uwe mzito, maana mwepesi ulimpalia Paschal hadi macho yakatoka. Kisha akamwita bibi Mboje, jirani pekee aliyekuwa bado anaingia ndani, amwangalie mgonjwa, akapanda pikipiki kwenda Nkololo kwa Mabula, kaka mkubwa wa mumewe. Zaidi yake hakubaki ndugu mwingine wa damu.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya zizi, mikono ameikunja na kuificha kwapani, japo jua lilikuwa kali.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Hujambo, mama Gloria?" Hakumpa mkono. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Kwandu alimweleza yote: barua, bodi, Ijumaa. Mabula alisikiliza akitazama ndama mmoja aliyekuwa akizurura nje ya zizi, kamba ikiburuzika nyuma yake. Hakuinuka kumkamata.

"Baba yetu alirogwa," alisema mwishoni. "Kila mtu hapa anajua."

"Shemeji, ulimuuguza mwenyewe. Paschal aliniambia ulikuwa unamfunga kwa shuka ili asianguke motoni."

"Nimesema alirogwa! Kitu kilichotoka nje kinaweza kurudishwa nje. Ukiandika kwamba ni damu, umeniandika na mimi. Umemwandika Nyamizi." Alielekeza kidevu upande wa jikoni, ambako binti yake alikuwa akitwanga. "Watu wa Lalago wanakuja mwezi ujao, ng'ombe kumi na nane. Nani anapeleka ng'ombe kumi na nane kwenye damu mbovu?"

"Na mimi nina mabinti wawili. Sina pa kuwaficha."

Mabula alirudisha macho kwa ndama. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na ndiyo iliyomtisha Kwandu zaidi.

"Kuna mganga kaniambia. Aliyemfunga Paschal ni mtu wa ndani, anayeshika nyuzi kila siku. Hakutaja jina. Wewe nenda kwenye bodi yako, shemeji. Ila jina la baba yangu likisikika kule, usikanyage hapa tena. Na mimi sitakuwa na uwezo wa kuzuia watu."

Kwandu aliondoka bila kunywa maji. Njia nzima aligeuka kutazama nyuma. Alipokuwa msichana alimfahamu mama mmoja ambaye habari zake za uchawi zilianza hivyo hivyo, kwa nusu ya sentensi, bila jina. Mavuno ya mwaka ule hayakumkuta hai.

Siku zilizofuata pikipiki nyekundu ilipita mbele ya nyumba yake kila jioni. Wanaume wawili, kofia zimeshushwa usoni. Walipofika usawa wa mlango walipunguza mwendo, wakatazama, wakaondoka. Bibi Mboje alisema labda wanatafuta nyumba ya kupanga. Siku ya tatu naye akaacha kusema hivyo, akaanza kuja na mchi wa kinu. Shida, bintiye mdogo wa miaka tisa, Kwandu alimpeleka kwa watawa wa parokia. Gloria alikuwa bwenini huko Maswa, na Kwandu alimshukuru Mungu kwa kila kilomita iliyokuwa kati yao.

Ijumaa walimwingiza Paschal kwenye bajaji, Kwandu akaketi pembeni yake akiwa amemzungushia mikono miwili kama mtu anayebeba mzigo wa kuku hai.

Bodi ilikuwa madaktari watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti, Daktari Athanasi, alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma barua ya Shigela kwa sauti, akaisoma ya Mwanza, akamwambia Paschal atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Paschal alitembea. Magoti yalichomoka, kiuno kikazunguka, mkono mmoja ukainuka kama wa mtu anayeomba nafasi ya kusema. Daktari kijana aliangalia chini.

"Mwalimu, nikuulize bila kuficha. Unakunywa pombe?"

Paschal alikusanya midomo yake kwa juhudi. "Haikai... kwenye... glasi, daktari."

Daktari Athanasi alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. "Mna watoto wangapi?"

"Wawili," alijibu Kwandu.

Kalamu iliandika. Alama moja tu, namba mbili, lakini Kwandu aliisikia karatasi ikikwaruzwa kana kwamba mtu anachimba.

"Wakishakuwa watu wazima, waje tuzungumze nao. Wakitaka wenyewe." Alifunua ukurasa. "Sasa, historia ya ukoo. Kuna ndugu wa damu?"

Kwandu alitazama mikono yake, vidole vilivyotobolewa na sindano miaka yote. Alikuwa ameamua kulitaja mwenyewe jina la mkwewe, liwalo na liwe. Alifungua kinywa. Mlango ukafunguka.

Mabula aliingia amevaa koti zito jeusi, mikono mifukoni. Kwandu alisimama bila kujua kwamba amesimama. Alitazama nyuma ya shemeji yake kuona kama wale wa pikipiki wamekuja naye. Hakukuwa na mtu.

"Wewe ni nani, mzee?" aliuliza Daktari Athanasi.

"Mabula Ndalahwa. Huyu ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja." Hakumwangalia Kwandu. "Nimekuja kusema baba yetu alikufaje."

Akasema. Alisema kwa kifupi, kama mtu anayetoa miba mguuni. Baba alianza kudondosha vitu. Baadaye akawa anacheza bila ngoma, na watoto wa jirani wakaja kumtazama na kucheka. Alisahau majina ya wanawe mwenyewe. Alipaliwa na maziwa akafa, mdogo kuliko umri wa Mabula leo. Na babu yao, waliambiwa, alikufa hivyo hivyo, ila wakati ule walimpeleka porini akakae peke yake.

Viatu vya Paschal vilikuwa vikisugua sakafu.

"Wabeja sana, asante, mzee," alisema Daktari Athanasi. "Hili linatosha. Weka sahihi hapa."

Alisukuma karatasi na kalamu. Mabula aliitazama kalamu. Mikono ilibaki mifukoni.

"Nitaweka dole gumba."

"Hujui kuandika jina lako, mzee?"

"Dole gumba, daktari."

Wakaleta kidau cha wino. Mabula alitoa mkono wa kulia na kuushika kifundo kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemkamata jogoo. Aliushusha kwenye karatasi. Kidole kiliruka, kikatua, kikaruka, kikatua tena. Alipouinua mkono, karatasi ilikuwa na alama tatu badala ya moja, zimepandana, na ya mwisho ilikuwa imeburuzika hadi pembeni.

Daktari Athanasi alizitazama muda mrefu. "Una miaka mingapi, mzee Mabula?"

"Hamsini na moja."

Daktari aliikausha karatasi taratibu kwa kipande cha pamba, akaandika mistari miwili chini yake, akasema kwamba bodi itaandika maradhi, na majibu yatakwenda halmashauri kabla ya mwisho wa mwezi.

Nje walikaa kwenye benchi la saruji, Paschal katikati. Kwandu alitakiwa afurahi. Kadi ingebaki, vidonge vingepatikana. Alijikuta akitazama mifuko ya koti la shemeji yake.

"Nisingeweza kumwacha aitwe mlevi kwa ugonjwa ninaoujua," Mabula alisema. "Kwake ulianzaje?"

Kwandu alifikiri kumdanganya, akaona haifai. "Alikuwa anachora duara ubaoni bila bikari, unakumbuka? Limefungwa kama limepimwa. Siku moja mwanafunzi akamwambia, mwalimu, duara lako lina mlango. Akafuta, akachora tena. Likawa na mlango."

Mabula alitikisa kichwa kukubali. "Mimi ni kamba. Tangu mvua za mwaka jana siwezi kumfunga ndama. Nyamizi anadhani nimekuwa mvivu."

"Hajui?"

"Hajui. Harusi ipite kwanza." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Utanisitiri?"

Kwandu aliona mbele yake nyumba ya Lalago, binti mwingine akiamka asubuhi na kushona mito ukutani, au yeye mwenyewe akishonewa.

"Lile neno la mganga," aliuliza, "alilisema kweli?"

"Hapana. Nililitunga mimi. Nilikuwa naogopa."

"Ulimwambia nani?"

"Watu wawili."

"Lirudishe, shemeji. Kuna pikipiki inapita kwangu kila jioni."

Mabula aligeuka kutazama barabara. "Nitajaribu. Nitaanza leo hii. Lakini neno si ng'ombe, mama Gloria. Hulipigii mluzi likageuka."

Paschal alikuwa amesikiliza yote. Mkono wake ulitangatanga hewani, ukakosa mara mbili, ukaangukia goti la kaka yake na kukaa pale. "Twende... nyumbani," alisema.

Ndugu wawili walitangulia, bega kwa bega. Kwandu alibaki nyuma akikusanya karatasi na kuzifunga kwenye khanga. Alipofika barabarani, kundi la ng'ombe lilikuwa likipita kuelekea mnadani, wengi, wamebanana, na vumbi lao lilikuwa limemeza upande wa pili. Alisimama kungoja. Juu ya migongo ya ng'ombe aliviona vichwa viwili vikienda pamoja, vikipanda na kushuka, vikipinda kushoto kisha kulia. Alikaza macho. Vumbi lilizidi, ng'ombe waliendelea kuja, na kutoka pale aliposimama hakuweza kujua kichwa kipi kilikuwa cha nani.