Mjumbe wa Bwawani

Tham aliwakuta kamba wake wamesogea kingoni mwa bwawa, hoi, magamba yamejaa madoa meupe. Hakuwa na bwawa jingine. Alinyanyua jembe akaanza kumtukana jirani yake Sau, akimpaazia sauti ng'ambo ya mfereji.

"Kanifungulia maji yake machafu, mbwa yule. Leo atanitambua."

"Wifi, bwawa la Sau liko chini ya lako," alisema Diep, dada wa mumewe, aliyekuwa amekuja kutoka maabara ya magonjwa ya kamba, mjini Can Tho. "Maji hayapandi."

"Nyie mnachungulia protini mwaka mzima, kamba wetu wanakwisha. Hizo protini zinafanya nini, zinalala?"

"Zinafanya kazi, tena sana. Ndani ya kila chembe ya kamba kuna protini za ujumbe. Moja inaigusa nyingine, mpaka habari ifike ndani: adui kaja, toeni silaha. Sasa kirusi hiki hakiwaui wajumbe. Kinawatuma. Wanapeleka amri zake kwa utiifu uleule, na nyumba inampikia mwizi."

"Nyumba ya wajinga," Tham alisema, akatema mate.

"Kirusi hiki huja na kamba wagonjwa," alisema Diep. "Wameingia kamba wa nje humu?"

Luom, mume wa Tham, alikohoa nyuma yao. "Siku ya kutambikia bwawa."

Kila msimu walimwekea mzimu mwenye bwawa nyama ya nguruwe, yai na kamba, vyote vya kuchemsha. Tham alimgeukia.

"Si walikuwa wetu, tena wamechemshwa?"

"Wa sokoni. Wabichi. Udi ulipozimika nikawamwaga bwawani."

"Mpumbavu wewe, nani alikutuma?"

Luom alilitazama jembe, kisha akamtazama usoni. "Wewe. Umesahau? Ulisema wetu wadogo, watatuaibisha. Ukasema msimu huu nilete wakubwa, wabichi, wapendeze, na paka asionje hata mmoja. Mjumbe hauawi, mke wangu."

Tham hakuwa tena na wa kumtupia hasira yake. Maji ya bwawa lake yalikuwa yakitoka taratibu kuelekea mfereji uliolisha bwawa la Sau, naye alikuwa amepanda vifaranga wapya wa kamba juzi tu. Alishuka mpaka kwenye mlango wa maji akaanza kuuziba kwa tope, akilaani kila alipopiga jembe. Safari hii hakutaja jina la mtu.

Sau, aliyekuwa ameyasikia matusi yote, alitokea ng'ambo. "Jirani, leo nimekukosea nini?"

"Funga mlango wako wa maji," alisema Tham bila kuinua kichwa. "Wangu wanakufa. Nimewaua mwenyewe."