Mzee Mfaume Alipokosa Jibu

Mzee Mfaume wa Kurui aliwahi kung'oa muhogo mrefu kiasi kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, ncha yake ilitikisa zizi la ng'ombe huko Magindu na wafugaji wakaja kushitaki. Basi daktari alipomwambia kwamba uboho wake umechoka kutengeneza damu, na itabidi awe anakwenda Kibaha kuongezewa, hakukosa la kusema. Alitangaza kijijini kwamba sasa yeye ni gari, anakwenda kujaza mafuta.

Safari hii alikuwa na haraka. Mjukuu wake Raudha alikuwa ndani anafundwa, na Jumamosi angetolewa mwali. Babu ndiye wa kumtunza wa kwanza mbele ya ngoma, na kwa jinsi alivyoishiwa damu, hata kufika uani alikuwa anashika ukuta.

Wodini alimkuta muuguzi wake wa siku zote, Sista Laurensia, Mnyamwezi wa Tabora, yaani mtani wa Mzaramo kama yeye. Sista alimpa shikamoo yake kwa heshima zote, akamuuliza jina kamili kana kwamba hajawahi kumwona, akalilinganisha na lililoandikwa kwenye mfuko wa damu, yeye na mwenzake, kisha akapima joto, mapigo na presha. Damu ilipoanza kudondoka taratibu, akavuta kiti na kuanza uchokozi.

Alisema Wazaramo wameuza mashamba yote wakanunua ngoma. Mzee akamjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani na mizigo kichwani, na hicho kikofia chake ni ngata iliyopakwa chokaa. Wodi nzima ikacheka. Mzee alimpenda binti huyu, ila hakuelewa kwa nini kila damu inapoanza lazima aje kumkalia hapo na mdomo wake, wakati wagonjwa wamejaa.

Ndipo mgongo ukaanza kumwasha. Mara ukawa kama ameegemea jiko, na baridi ikamtambaa miguuni. Mzee akajua kabisa: akisema, mfuko utafungwa na Jumamosi itampita. Akabana meno.

Sista akasema amesikia ule muhogo wa Magindu ulikuwa kijiti cha kuchokolea meno.

Mzee akatabasamu tu.

Tabasamu halijaisha, Sista ameshafunga damu.

"Wapi panauma, Babu?"

"Hapana mahali."

"Nimeutukana muhogo wako na hujanijibu. Wapi?"

"Mgongo," Mzee akasema kwa sauti ndogo. "Na baridi. Lakini mwanangu, Jumamosi natoa mwali."

"Utamtoa ukiwa hai."

Mikono ya Sista haikuwa na papara. Aliondoa mpira wa damu, akaweka mwingine wa maji ya chumvi, akamwita daktari, akapima tena kila kitu, akaagiza ule mfuko urudishwe maabara. Daktari alieleza kwamba mwili huweza kuikataa damu hata ikipimwa vizuri. Cha kuokoa ni kugundua mapema. Mzee, akitetemeka chini ya blanketi, akaelewa kile kiti kilikuwa cha nini. Miezi yote hiyo alidhani anataniwa, kumbe anapimwa.

Kesho yake alipewa damu nyingine, polepole, na Sista kitini akimsema mpaka mwisho.

Jumamosi Raudha alitoka amebebwa mabegani, na babu yake akamtunza wa kwanza, amesimama kwa miguu yake. Sista hakuwa zamuni. Alikuja Kurui kudai haki ya mtani, na katikati ya ngoma akakamata jogoo mkubwa kuliko wote. Watu wakamgeukia Mzee wasikie atamjibu nini.

Mzee akamtazama. Maneno hayakuja.

Sista akamwacha jogoo aende, akamshika Mzee kifundo cha mkono, akatafuta mapigo.

"Babu, mbona kimya?"

"Mnyamwezi mwizi wa kuku," Mzee akasema, macho yamemjaa maji. "Wakamate wawili."

Sista akauachia mkono, akaenda kumkimbiza tena yule jogoo.